Mdudu Aliyetapika Dawa

Alikozaliwa sikukujua na sikuuliza. Miaka ile ya vita pale Rumonge, mji wetu wa kando ya ziwa, ukimuuliza mtu kwao ni wapi na baba yake ni nani, alikuwa na haki ya kukutazama mikono kwanza, aone umeshika nini. Watu wote walimwita Laboranti, kwa kuwa ndiye aliyepima damu kwenye kituo chetu cha afya, naye aliitikia jina hilo kama vile alipewa na wazazi wake. Nilimfanyia kazi miaka sita. Kabla ya hapo nilimchukia sana, na katika miaka hiyo sita niliendelea kumchukia kwa zamu, leo ndiyo, kesho hapana. Sijui kama bado yu hai. Nikikaa kimya atapotea kabisa, nami sitaki apotee, ingawa kuna siku nilimwombea hilo hilo.

Ulikuwa ukimtambua kwa vidole. Ile rangi ya zambarau wanayotia kwenye damu ili wadudu waonekane ilikuwa imemwingia hadi chini ya kucha, na hata sabuni ya mawese tunayoipika wenyewe, ambayo inang'oa masizi ya sufuria, haikuweza kuitoa. Akila ugali wa muhogo mbele ya mgeni, mgeni aliacha tonge hewani akamtazama mkono. Alikuwa mrefu, mkavu, shingo imekwenda mbele kwa kuchungulia mikroskopi maisha yake yote. Koti lake jeupe alilifua mwenyewe kila Jumamosi, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Soko limechomwa, watu wamelala wiki nzima kwenye mashamba ya michikichi, yeye anatokea Jumatatu na koti limepigwa pasi ya makaa. Tulimcheka, lakini kwa siri tulikuwa tukilitafuta kwa macho koti lile kabla hatujaingia kazini.

Umeme haukuwepo. Mikroskopi yake ilikuwa na kioo kidogo chini cha kunasa jua, kwa hiyo meza ilifuata jua: asubuhi baraza ya upande wa milima, adhuhuri uani, alasiri baraza ya upande wa ziwa, juu ya wanawake wanaoanika ndagala, wale dagaa wa ziwani. Meza hiyo niliibeba pamoja naye mara tatu kwa siku. Mvua ikinyesha hakuna kipimo, na siku hizo alinuna na dunia nzima, vioo vyake vya damu amevifunika kwa kawa la chakula. Mende wa Rumonge hula damu iliyokaukia kwenye kioo, na Laboranti aliwaona mende kuwa ni kundi jingine la waasi.

Wadudu wa malaria aliwahesabu kwa kokwa za chikichi. Alikuwa na bakuli mbili za bati, moja ina kokwa, moja tupu. Jicho kwenye mikroskopi, mkono wa kushoto unahamisha: mdudu mmoja, kokwa moja. Ukiwa umekaa kwenye foleni na mtoto wako ulisikiliza kokwa zinavyolia kwenye bati, na kwa sauti hiyo ulijua habari yako kabla hujaambiwa. Akimaliza aliandika. Na neno alilolisema kuliko yote ni hili: "Miye naandika kile nimeona. Kama sijaona, siandike."

Sasa niseme kwa nini nilimchukia. Kwenye kadi ya mwanangu aliandika kitu ambacho hakukiona, na kilikuwa kweli.

Ramazani alikuwa na miaka mitatu. Homa ilimshika, nikampeleka kituoni, akapewa klorokini ya siku tatu: leo, kesho, keshokutwa. Siku ya kwanza alimeza. Siku ya pili alimeza huku anajikuna, maana dawa ile iliwasha ngozi. Siku ya tatu aliamka hana joto, anadai uji. Asubuhi hiyo hiyo risasi zikaanza juu ya mji na mtaa wetu wa Waswahili wote ukashika njia ya kusini. Mimi nilikuwa natetemeka. Malaria ilikuwa imenishika tangu jana yake. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya ziwa, Uvira, kwenye biashara. Mama mkwe wangu ana mguu mbovu, anajikongoja na gongo lake. Ramazani hakuwa mtoto wa kutembea mwendo ule. Nikafungua pembe ya kitenge changu, pale nilipokuwa nimefunga vidonge vyake vya siku ya tatu, nikavimeza mimi. Nilijiambia: yeye amepona, mimi nikianguka hapa nani atambeba? Vilikuwa vidonge vya mtoto, kizima na nusu, sijui hata kama vilinisaidia kitu. Nilimbeba mgongoni mpaka tulipofika mahali pa kujificha.

Wiki ya pili homa ilirudi. Tulikuwa tumekwisha kurejea mjini, nikampeleka tena. Laboranti akamchoma kidole, akachungulia, kokwa zikalia kwa muda mrefu. Halafu akaandika kwenye kadi na kwenye daftari lake, kwa kalamu nyekundu: hakumaliza dawa. Hakunitazama usoni. Hakumtazama mtu yeyote usoni. Alitazama vidole vya watu na damu yao. Mwanangu akapewa klorokini ile ile, kwa kuwa kwinini ya kutundika, ile ya kuingizwa mshipani, ilikuwa imekwisha. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, mgongoni kwangu, nikidhani amelala.

Mama mkwe hakujua kusoma. Aliichukua kadi akampelekea mwalimu jirani, akasomewa. Akarudi akaniuliza, "Ulimupatia dawa yote?"

"Yote, mama," nikasema.

Toka siku hiyo hakuniita tena Mama Ramazani. Aliniita weye. Weye, lete maji. Weye, funga mlango. Kadi aliitia kwenye mfuko wa plastiki akaiweka chini ya mkeka wake wa kuswalia, na kila aliyekuja kutoa pole alionyeshwa. Mume wangu alipopata habari alibaki Uvira, baadaye akaoa huko huko. Sisi wawili tukabaki pamoja, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na nguvu za kuteka maji zilikuwa zangu. Neno lile la kalamu nyekundu lilikaa kati yetu wakati wa kula, wakati wa kulala na wakati wa kukimbia.

Miaka tuliyowekewa vikwazo na nchi jirani, mipaka ilifungwa na vioo vipya vya kupimia havikuja tena. Laboranti akatafuta mtu wa kuosha vile vya zamani, damu ya mgonjwa mmoja itoke ili ya mwingine ipate mahali. Nikaenda. Mama mkwe alinisuta: "Unaenda kumwoshea yule mwenye alikuandika?" Nikamjibu kwamba tunahitaji chumvi, na ilikuwa kweli, kituo kilikuwa kikitupa chumvi na sabuni badala ya mshahara. Lakini nilikuwa na jingine moyoni. Nilitaka kumwona huyo mdudu kwa macho yangu.

Laboranti aliitazama mikono yangu mbele na nyuma. "Bien," akasema. "Haina vidonda. Utaanza leo." Hakuuliza jina. Aliniita Mama Vioo na kituo kizima kikamfuata.

Mwezi wa pili aliniruhusu kuchungulia. Nilikuwa nimejiandaa kuona mnyama mwenye meno. Nikaona pete, ndogo kabisa, ya samawati, yenye kito kimoja chekundu.

"Ni huyu?" nikamuuliza.

"Ni yeye, mama. Usimudharau."

Siku hiyo niliosha vioo nikilia. Yeye akadhani ni sabuni imeniingia machoni, akaniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. Vioo vile vilizunguka miaka na miaka. Kile cha mwanangu bila shaka kilipita mikononi mwangu mara nyingi, kikiwa cheupe, bila alama yoyote.

Kila mwanamke wa pwani hii alikuwa na fundo kwenye pembe ya kitenge, na ndani ya fundo kulikuwa na vidonge. Nusu ya mtoto huyu, robo ya yule, kile alichoacha mume. Hatukuwa wajinga. Ukikimbilia porini hukimbii na kituo cha afya kichwani, kwa hiyo mgonjwa akipata nafuu, kilichobaki kinafungwa kwa ajili ya safari inayokuja, na safari ilikuwa inakuja kila mara. Laboranti alilijua fundo hilo na alilichukia. Mtoto akirudi na damu yenye pete, aliinuka mezani, akamwambia mama yake mbele ya foleni yote, "Fungula kitenge."

Mama anafungua. Mara nyingine vidonge vinaanguka sakafuni, foleni inaguna. Mara nyingine hakuna kitu ndani, ila anaandika yale yale kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa kwake yeye dawa haikuweza kukosa, basi aliyekosa ni mama. Nilisimama na beseni langu nikawatazama wakifungua mafundo. Ni mmoja tu aliyewahi kumjibu, muuza mawese mnene, mwanamke asiyeogopa koti wala bunduki.

"Laboranti, weye umeshakimbia na batoto bane?"

Akakiri kwamba hajawahi.

"Basi andika hiyo pia."

Hakuiandika, lakini siku ile nzima alikosea kuhesabu, akarudia kokwa zake tangu mwanzo mara mbili.

Usifikiri alikuwa mtu wa sheria tupu. Yeye aliyechoma vidole vya maelfu ya watu alikuwa mwoga wa sindano. Akiugua mwenyewe, mkunga ndiye aliyemchoma, naye akigeuza uso ukutani na kufumba macho kama mtoto, halafu anajifanya anasoma kalenda. Aliwakataza akina mama kuwanywesha watoto mubirizi, yale majani machungu ya uani, akiwaambia ni ushamba. Homa ikimpata, alifunga mlango akachemsha sufuria nzima, na harufu ikamsaliti hadi barabarani. Nilimkamata siku moja.

"Mzee, hiyo si mubirizi?"

"Ni chai."

"Chai ya majani mabichi?"

"Mama Vioo, vioo vyako vimekwisha?"

Lakini nilimwona akiwa jasiri pia. Kituo kilipima kila aliyekuja. Asubuhi walikuja askari wa kizuizi cha barabara ya Minago. Mchana alikuja mwanamke wa milimani, upande wa waasi, na vioo viwili ndani ya jani la mgomba. Hakusema damu ni ya nani na hakuulizwa. Siku moja afisa mmoja alisimama mbele ya meza, akataka kujua kama mikroskopi inaweza kuonyesha damu ni ya kabila gani. Tulikufa ganzi sote. Laboranti akainuka, akampisha kiti.

"Keti, Komanda. Angalia mwenyewe."

Afisa akachungulia muda mrefu. "Naona vipete."

"Na miye ni hiyo tu naona, tangu nimeanza kazi."

Afisa akaenda zake. Laboranti alibaki ameshika kingo za meza, na nilipompita nyuma niliona koti lake limelowa mgongoni lote. Alipopata sauti alisema kwamba mdudu yule hupita vizuizi vyote bila kitambulisho, malaria ya kwetu na ya kwao ni moja. Kisha akaniagiza tubebe meza, jua limehama.

Kilichomgeuza ni binti wa mkunga wetu. Mtoto alimezeshwa klorokini siku zote tatu hapo barazani, Laboranti akiwa hapo akiona. Siku ya kumi na kitu homa ikarudi, na kwenye kioo zikaonekana pete. Laboranti akamgeukia mkunga, kalamu nyekundu mkononi. "Ulibakisha?"

"Ulikuwa hapo," mkunga akamwambia.

Alikaa na neno hilo siku mbili. Ya tatu akatangaza jaribio. Alichagua watoto wachache ambao hawakuwa hoi, mama zao wakakubali kulala kituoni. Kila asubuhi mtoto anameza mbele yake, halafu anakaa kwenye benchi mpaka kivuli cha nguzo kifike alama aliyoichora kwa makaa, ili akitapika aonekane. Hakuna aliyetapika. Homa zikashuka, watoto wakaanza kukimbizana uani, mama zao wakamshukuru, murakoze, murakoze, wakaenda. Baada ya wiki mbili aliwaita tena, akawachoma.

Nilikuwa nimeinamia beseni. Nikasikia kokwa ya kwanza, ya pili, halafu hazikatiki. Kioo cha pili vivyo hivyo. Kwenye cha nne aliacha kuhesabu.

"Mama Vioo, kuja uangalie."

Nikaangalia. "Ni pete, Mzee."

"Walimeza mbele yangu."

"Walimeza."

"Hakuna mwenye alitapika."

"Hakuna."

Jua likaondoka mezani, na kwa mara ya kwanza hakuniambia tubebe.

Baadaye alinieleza, nami naeleza kama nilivyoelewa. Mdudu huzaa kwa kujinakili, haraka haraka, wala hana mtu wa kumsahihishia. Katika kunakili anakosea. Makosa mengi yanamwua mwenyewe, na hiyo ni faida yetu. Lakini kuna kosa moja dogo, la tumboni mwake, ambalo linamfanya dawa ikiingia aiteme nje. "Tulifikiri mutoto anatapika dawa," Laboranti alisema. "Mutoto hatapike. Ni mududu ndiye anatapika."

Nikamuuliza, mmoja mwenye kosa hilo atafanya nini kati ya wote wale? Akanionyesha kwa kidole cha zambarau nyumba zilizo ng'ambo ya barabara.

"Mutaa ukikimbia wote, akabaki mutu mumoja, kisha mwezi mumoja hizi nyumba zitakuwa za nani?"

Nyumba za waliokimbilia Tanzania tulikuwa tukiziona kila siku, zina mapazia mapya. Nikamgeuzia kisogo, nikawa nasuuza beseni ambalo lilikuwa safi tayari.

"Na mama mwenye alibakisha vidonge," nikasema, "yeye hana kosa?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kukupa jibu la kukupendeza. "Dawa kidogo kidogo, hiyo nayo inamusaidia mududu. Siwezi kusema hapana. Lakini huyu wa hapa kwetu amefika akiwa tayari anajua kutapika. Hata kama wote wangemaliza, kuna wenye wangekufa."

"Wenye gani?"

"Hiyo sijui."

Aliandika barua kwa Kifaransa, kurasa nyingi, na hesabu zote za kokwa. Barua ilingoja gari, gari likangoja barabara, barabara ikangoja amani. Jibu kutoka ofisi ya afya ya mji mkuu lilikuja likiwa ukurasa mmoja: wanamshukuru, aendelee na dawa iliyopo. Alisoma mara mbili, akakunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikaacha kuyumba. Tuliendelea kugawa klorokini miezi mingi zaidi, tukijua. Sitaki kusema watoto wangapi, na sikuwahesabu.

Ilipokuja dawa mpya, fansidari, alifurahi, kwani inamezwa mara moja tu, hapo hapo, hakuna cha kufunga kwenye kitenge. Alinionya furaha ile isinizidi. Mdudu wa fansidari, alisema, anapanda ngazi: kosa moja halimtoshi, anahitaji la pili juu ya la kwanza, na la tatu, lakini ngazi anaipanda. Hakukosea. Mwisho wakaleta dawa mbili za kumeza pamoja, mdudu akikwepa hii anakutana na ile. Laboranti alizipokea kwa mikono miwili, akaagiza viwekwe vioo vya kufuatilia tangu siku ya kwanza. Hakuwa akiamini tena dawa yoyote bila kuichungulia.

Vita bado vilikuwepo wakati alipoanza safari zake za Jumapili. Akitoka kanisani alipanda baiskeli, daftari la kalamu nyekundu limefungwa kwa mpira nyuma, akaenda kuwatafuta akina mama aliowaandika. Minago. Kambi za waliohama. Bugarama, huko juu ambako watu hawakwenda bila sababu kubwa. Akimpata mama alifungua ukurasa, akakata mstari juu ya maneno yake mbele ya macho yake, akasema, "Niliandika kitu sikuona. Unisamehe." Kila Jumatatu alinisimulia huku nikiosha. Mmoja alimmwagia maji ya kuoshea samaki. Mmoja alimpa muhogo wa kuchoma, wakala pamoja. Mmoja alimwambia mume alishamfukuza kwa ajili ya neno lile na sasa msamaha wake aupeleke wapi. Wengi hawakuwepo tena duniani, au walikuwa kambini Tanzania. Kule kituoni fundo la kitenge hakuligusa tena. Siku moja lilifunguka lenyewe, vidonge vikamwagika, na niliona Laboranti akipiga magoti na koti lake, akaviokota, akavifunga tena kwenye pembe ya yule mama.

Jina la Ramazani lilikuwa kwenye ukurasa mmoja wa mwanzo, na chini yake jina langu, ambalo yeye hakujua ni langu. Niliujua ukurasa huo. Ningeweza kumwambia Jumatatu yoyote ile. Lakini niliogopa. Angekuja nyumbani, amwambie mama mkwe kwamba nilimaliza dawa, nami ningesimama pale nikubali uongo au niukane. Aliwatafuta wanawake kote pwani, na mmoja wao alikuwa anambebea meza.

Macho yalipoanza kumchosha aliacha kazi akaenda kukaa Kabonga, upande wa Nyanza-Lac, kwa dada yake. Aliniachia zile bakuli mbili. Sikumwona zaidi ya mwaka.

Alikuja siku ya Ijumaa alasiri, nyuma ya baiskeli ya kukodi, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa uani nakata sabuni. Alikuwa amevaa koti lake jeupe, ingawa hakuwa na kazi tena.

"Amahoro, wenyeji." Kisha akaniona, uso ukamfunguka. "Mama Vioo! Kumbe unaishi huku? Basi nisaidie. Nimebakiza mumoja tu katika huu mutaa. Natafuta mama wa mutoto mwenye aliitwa Ramazani."

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini. Akainua kichwa.

"Ni miye, Mzee," nikasema.

Alinitazama usoni. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza. "Weye. Na uliniosheaka vioo miaka yote ile."

"Ndiyo."

Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alifungua daftari, halafu akamgeukia mama mkwe, kwa kuwa ni mtu mzima na nyumba ni yake. "Mama, nilikosa. Dawa ndiyo ilikuwa haifanye kazi. Huyu mama nilimuandika bure."

Mama mkwe hakutikisika. "Uliandika. Leo unasema. Kusema kunapita na upepo. Ngoja ulete mukono wako pale pale uliandika." Akashika gongo lake akaingia ndani kuitafuta kadi, na kwa mguu ule ilikuwa safari.

Tukabaki wawili. Sabuni ilikuwa mkononi mwangu bado.

"Mzee, sikumaliza dawa," nikasema. "Za siku ya tatu nilimeza miye. Tulikuwa tunakimbia, nilikuwa natetemeka, nilipashwa kumubeba."

Nilisikia gongo ndani likigonga sakafu.

"Kama angemeza yeye, angepona?"

Ningemshukuru kama angenidanganya. Mtu yeyote mwingine wa pwani hii angenidanganya, na mimi ningelala usiku ule.

"Sijui, mama," akasema. "Pengine angepona. Pengine angerudi na pete zile zile. Hiyo hakuna kioo inaonyesha."

Mama mkwe akatoka na ule mfuko wa plastiki, akaufungua kwa meno, akampa kadi. Laboranti aliiweka juu ya goti lake. Alichora mstari mmoja, akaandika chini yake polepole, akapuliza wino.

"Soma," mama mkwe akasema.

Aliinua kadi karibu na macho. "Mama alimaliza dawa yote. Dawa ilishindwa."

"Soma tena."

Akasoma tena, sauti ile ile, hakupepesa macho. Mama mkwe akaichukua kadi kutoka mkononi mwake, na badala ya kuirudisha kwenye mfuko akaninyooshea mimi, akaingia ndani na gongo lake.

Nilimsindikiza Laboranti mpaka barabarani. Kabla ya kupanda baiskeli alinishika mkono, akaugeuza, akautazama mbele na nyuma, kama siku ile aliyoniajiri. Kisha akaenda, koti likipungua kuelekea Nyanza-Lac.

Niliporudi uani ndipo nikaitazama kadi. Maneno mekundu yalikuwa yamekatwa kwa mstari ulionyooka. Chini yake, kwa mwandiko wake wa taratibu, alikuwa ameandika: Sikuwepo. Sikuona. Na sahihi yake. Hakukuwa na neno jingine.

"Mama Ramazani," mama mkwe akaita kutoka ndani, "kuja tule, ugali unapoa."

Nikaifunga kadi kwenye pembe ya kitenge, nikaingia.